Lekteri ya Bi Zuwena Haitoki

Tangu niache kazi simu yangu haipoi. Vijana wa dukani mnanipigia, na swali ni lile lile: "Mama Asha, mteja ana lekteri ya CD ya zamani, tumwambie anunue boksi la muziki wa intaneti?" Nikiwauliza kama mmeisikiliza hiyo mashine ya diski, mnasema iko kwa mteja. Nikiwauliza bafle zake, yaani spika, zimekaa wapi chumbani, mnasema hamkufika. Mnachokijua ni bei ya boksi. Sasa nimekaa kwangu mtaa wa Bwiza, chai iko mezani, hakuna bosi wa kunitazama saa, na nitawajibu mara moja kwa maandishi ili mniache nipumzike. Anayetaka habari za vyeo na mishahara aende kwa mwingine. Vyeo sikupata, na mshahara ulikuwa ukinifikia umeshachoka njiani.

Nilianza kwa Mzee Kabura, fundi wa redio aliyekuwa na chumba kimoja hapa hapa Bwiza, nyuma ya baa. Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi, na baba yangu, fundi cherehani, alitaka nishone. Mimi sikutaka kushona. Nilitaka kujua kwa nini redio yetu ilikuwa ikipigwa kofi inasema, ikiachwa inanyamaza. Siku ya kwanza Mzee Kabura hakunipa bisibisi wala chuma cha kuchomea risasi. Alinipa kiti. Akaweka redio ya mteja mbele yangu, akaiwasha.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini, mzee?"

"We sikiliza tu. Ukisikia kintu utaniambia. Usiposikia, bado hujaanza kazi."

Nilikaa pale asubuhi nzima, nimenuna, najiona nimechezewa. Karibu na adhuhuri nikamwambia kwamba kila mtangazaji wa kiume akishusha sauti kuna kitu kinatetemeka, lakini akisema mwanamke hakitetemeki. Mzee hakunisifu. Alifungua redio akanionyesha karatasi ya spika imechanika ukingoni, akaniambia niende nikale, mchana nije niibandike.

Wateja ndio walionichekesha. Walikuwa wakiingia wananiuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ni mimi, wanachungulia nyuma yangu. Mmoja alikaa kwenye benchi akimngoja mwanaume atokee, na redio yake imeshapona, iko mbele yake, inaimba. Nilimwacha angoje. Nilikuwa na kazi nyingine.

Sheria ya Mzee Kabura ilikuwa moja, na alinipigia kelele kwayo mpaka nikawa nairudia usingizini. Ukiitwa nyumbani kwa mtu juu ya sauti, usiguse chombo kabla hujakaa kwenye kiti cha anayesikiliza. Si kiti cha wageni. Kiti chake yeye, na usikilize anachokisikiliza yeye, si kile unachokipenda wewe. "Mutu anakuita juu ya sauti, we unakimbilia bisi," alikuwa akisema, yaani skrubu. "Bisi zinaimba?" Nyinyi mnaiona hiyo ni hekaya ya wazee. Mimi nimeishi mjini kwa sheria hiyo na sijafa njaa.

CD zilipoanza kushika mji, Mzee alikuwa amechoka macho, nikahamia mtaa wa Rohero, kwenye duka hili mnalolijua, la kuuza na kutengeneza mitambo ya muziki ya nyumbani. Mnadhani swali lenu ni jipya. Wakati ule watu walikuwa wakija na maboksi ya kaseti wanauliza: nitupe? Ati CD ni safi, haichakai, haina kelele. Nikawaambia wengi watupe, maana tepe zao zilikuwa zimelegea kwa joto na sauti inapepesuka. Wengine nikawaambia waache, na bosi wa zamani, baba yake bosi wenu wa sasa, Rashidi, akawa ananitazama kwa jicho la kando. Alikuwa mfanyabiashara, Mungu amrehemu, lakini hakunilazimisha kusema nisichokisikia.

Soko kuu lilipoungua, kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa masizi. Wafanyabiashara walituletea vile vilivyookolewa, ampli nyeusi, lekteri zinazonuka, na wengi walikuwa wakilia wakizishusha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba moshi unaingia hata kusiko na mlango. Ndani ya kila lekteri ya CD kuna jicho dogo la kioo linalosoma diski kwa mwanga. Likipata ukungu, diski inaruka, inakwama, au lekteri inakataa katakata kana kwamba hukuweka kitu. Mwenye nayo anasema imekufa. Haijafa, haioni. Vyombo vyangu kwa kazi hiyo vilikuwa pamba, alkoholi safi, na kioo kidogo cha mpini kile cha daktari wa meno. Msicheke. Ninacho mpaka leo na sitampa mtu.

Sasa msinifanye adui wa vitu vipya, maana najua ndivyo mnavyonisema. Kulikuwa na baba mmoja wa Kanyosha, ana mihogo yake na duka dogo la kando ya barabara, mpenzi wa rumba kupita kiasi. Alikuwa amebadilisha ampli, akabadilisha bafle, na bado muziki ulikuwa kama umefunikwa blanketi. Nilipokwenda, nikakaa kwenye kiti chake, nikamwambia aweke anachokipenda. Akatoa simu. Nyimbo zake zote zilikuwa zimetumwa simu hadi simu, mwaka hadi mwaka, na kila zilipopita zilikuwa zimebanwa ziingie vizuri, mpaka za juu na za chini zimeliwa, imebaki katikati tu. Nikamuuliza mkewe kama wana CD yoyote. Akafungua bufe, kabati la vyombo, akatoa moja ya harusi yao, tukaiweka kwenye kile kimashine cha kuangalia filamu. Yule baba alisimama na simu yake mkononi, hakukaa tena mpaka wimbo ukaisha.

Huyo nilimwambia abadilishe chanzo, tena haraka. Ampli kazi yake ni kupaza. Ukiilisha takataka itakupazia takataka, na bafle za bei mbaya zitakuonyesha takataka hizo vizuri zaidi. Alinunua boksi, na ninyi ndio mliomfungia, na yuko radhi mpaka leo. Kwa hiyo kubadilisha si dhambi. Dhambi ni kubadilisha bila kujua nani anasikiliza, anasikiliza nini, na nini hasa kinamkera.

Bosi Rashidi aliporithi duka, mambo yakageuka. Kila fundi akienda kwa mteja, bosi alitaka boksi litoke dukani. Si kwamba ni mtu mbaya. Ana watoto, ana kodi, mafuta hakuna mjini, kila kitu kimepanda. Lakini alianza kutufundisha maneno ya kusema. "Mama Asha, lekteri ni ya musee, ya makumbusho, donc we mwambie dunia imesonga." Nikamwambia dunia isonge, mimi kwanza nitakaa kwenye kiti. Akaniacha, maana nilikuwa nimebakiza kidogo nistaafu na hakutaka vita. Vita vilikuja hata hivyo, kwa njia ya Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mjane wa familia moja ya asili ya Oman, wafanyabiashara wa vitambaa, wakazi wa mji huu kabla babu yangu hajavaa viatu. Nyumba yao iko Rohero, ya ghorofa. Mumewe alipofariki alimwachia mtambo mzuri: ampli nzito yenye kirungu kikubwa cha kuzungusha sauti, bafle mbili za mbao, na lekteri ya CD. Mtambo huo uko chumbani kwake mwenyewe, sebule ndogo ya ndani ambako hawaingii wanaume wa nje. Lekteri ilianza kuruka, kisha ikakataa kabisa. Mwanawe Khalfani, anayeliendesha duka la vitambaa siku hizi, akaita mafundi.

Hapa sikilizeni vizuri, maana kosa lililofanyika ni la kwetu kabisa. Mafundi wawili wa dukani, siwataji, walikwenda. Kwa kuwa hawakuweza kuingia kwa mama, walikaribishwa sebule ya wanaume, wakapewa kahawa na halua, na lekteri ikaletwa kwao juu ya sinia kama mgonjwa. Wakaichomeka, ikakataa diski, wakasema imekufa. Wakala halua iliyobaki. Hawakukiona chumba ilikotoka, hawakumuuliza neno mwenye kuitumia. Khalfani akaagiza boksi kubwa kuliko yote, akalipia, na akaomba atumwe fundi anayeweza kuingia kwa mama kulifunga. Fundi anayeweza kuingia kwa mama nilikuwa mimi peke yangu.

Khalfani alinipokea mlangoni, boksi liko kwenye katoni yake. Ni mtu mwema, mnene kidogo, anayejali mno mpaka anachosha.

"Mama Asha, karibu. Uniwekee hii kintu muzuri. Mama atapata muziki wa dunia yote, kasida, taarabu, kila kitu, eh? Ile ya zamani utabeba, mi sitaki kuiona tena."

"Nitamwona mama kwanza," nikasema.

"Mama haelewi mambo hayo, we funga tu."

Nikapita. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, mgongo umenyooka, kanga kichwani. Sukari imemharibu macho. Anaona mwanga na kivuli, basi. Alinijua kwa sauti, maana nilikuwa nimekuja nyumba ile wakati wa uhai wa mumewe, na yeye huniita kwa jina langu mwenyewe, si la mama Asha.

"Mwajuma," akasema. "Wamekutuma uje unizike?"

"Nimetumwa nifunge boksi, mama. Lakini naomba kiti chako kwanza."

Alicheka, akaondoka kwenye kiti, nikakaa mimi. Na pale nilipokaa tu, pua yangu ikafanya kazi kabla ya masikio. Udi. Chumba kizima kilikuwa kimefukizwa udi, na si wa siku ile peke yake, ni wa miaka. Chetezo kilikuwa kwenye rafu ya chini, na juu yake, karibu kabisa, palikuwa na pengo tupu lenye alama ya miguu minne kwenye vumbi. Hapo ndipo lekteri ilipokuwa ikikaa. Kila Ijumaa, na kila alipokuja mgeni, moshi wa udi ulikuwa ukipanda moja kwa moja ndani yake.

Nikaomba lekteri irudishwe. Nilipoifungua na kutia kile kioo cha meno, jicho lake lilikuwa na utando wa manjano, unanata. Nilitumia pamba nyingi, taratibu, maana ukikandamiza unaling'oa. Wakati nasafisha, Bi Zuwena alikaa karibu yangu akinieleza mambo ambayo mafundi wa sebuleni wangeyajua kama wangeuliza. Diski zake hazikuwa kwenye vifuniko vya plastiki, maana maandishi hayasomi tena. Alikuwa amezishonea vifuko vya mabaki ya vitambaa vya dukani. Kasida ziko kwenye lesi. Taarabu ziko kwenye mahameli. Zile alizozipenda marehemu ziko kwenye kitambaa cha kanzu. Alikuwa akipapasa, anachagua, anaweka, anabonyeza. Vitufe vya lekteri ile alivijua kama shanga za tasbihi yake.

"Na hilo boksi lina vitufe?" akaniuliza.

"Kimoja cha kuwashia. Mengine yote ni kwenye simu."

"Simu ya kioo."

"Ya kioo, mama."

Alichukua kifuko kimoja akawa anakikunja na kukikunjua, na mimi nikaona uchungu wake bila kuambiwa.

Lekteri ilisoma diski mara ya kwanza. Khalfani akabisha hodi, akaingia, akasikia, akasema alhamdulillahi, halafu akasema bado boksi lifungwe. Alikuwa amelilipia, na zaidi ya hapo alikuwa na haki ya kulisikia. Sikumkatalia. Nikafanya jinsi fundi mwenye haki anavyofanya: diski ile ile, ampli ile ile, kwanza lekteri peke yake, kisha lekteri ikipitishia namba inazozisoma kwenye diski ndani ya boksi ili boksi ndilo lizigeuze kuwa sauti.

Na nitawaambia ukweli, maana mimi si muuza maneno. Boksi lilikuwa bora. Nilisikia mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti ya mwanamke ilitoka mbele ya kuta. Bi Zuwena naye alisikia, aligeuza uso polepole kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Ni nzuri," akasema. "Siwezi kusema uongo, ni nzuri."

Khalfani akanitazama kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, nikatoa wazo: lekteri ibaki, boksi likae katikati, mama abonyeze vitufe vyake, sauti iwe hii mpya. Sote tukakubali. Nikahamishia lekteri rafu ya upande mwingine, mbali na moshi, nikaweka chetezo karibu na mlango. Bi Zuwena alinionya kwamba udi haachi, na nikamwambia hakuna aliyemwomba aache.

Tulikuwa tunakunywa chai umeme ukakatika. Ninyi hamshangai, na sisi hatukushangaa. Tukaendelea kunywa. Uliporudi, taa ya ampli ikawaka, taa ya lekteri ikawaka, na boksi likaanza kupepesa mwanga wa buluu. Bi Zuwena alisimama, akaenda mwenyewe mpaka kwenye rafu, akapapasa vifuko, akatoa diski, akaiweka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Boksi la aina ile likizimika linasahau. Likiamka linatafuta intaneti, na linangoja mtu aliambie kwa simu lisikilize wapi. Khalfani akatoa simu yake haraka, akaanza kugusagusa kioo. Intaneti nayo ilikuwa haijarudi. Mama yake alikuwa bado amesimama, kidole kiko kwenye kitufe.

"Iko inakuja, mama," Khalfani akasema. "Dakika tu."

"Na ukiwa dukani?"

"Mke wangu yuko."

"Akiwa sokoni?"

"Mama, utangoja kidogo. Kuna shida gani kungoja?"

Bi Zuwena aligeuka kumtafuta mwanawe kwa uso, akakosea kidogo, akawa analiambia kabati.

"Jikoni mmenitoa, mmesema nitaungua. Nimetoka. Ngazi mmenikataza, mmesema nitaanguka. Sishuki. Funguo za nyumba yangu anazo mkeo, na ni binti mzuri, sina neno naye. Chai naletewa, nguo natolewa, hata maji ya kutawadha natiliwa. Kimebaki kitu kimoja humu ndani ambacho nikikitaka nakipata bila kumwita mtu. Hicho siwapi, Khalfani. Iwe sauti nzuri, iwe mbaya, siwapi."

"Mama, mi nafanya juu ya kukupenda."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia taratibu."

Khalfani alikaa kitini na ile simu, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimhurumia. Mtu amenunua kitu kizuri kwa moyo mweupe, na kweli ni kizuri, na bado hakifai. Hakuna kitabu cha mafundi kinachoeleza hilo. Wala sidhani alikuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta, basi.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Bosi Rashidi.

"Mama Asha, boksi iko tayari?"

"Apana. Nalitoa."

"Unatoa aje? Mutu amelipa."

"Haliwafai. Lekteri yao ni nzima, ilikuwa na moshi."

"Mi sikukutuma kwa lekteri. Sikiliza, we ufunge hiyo kintu. Usipofunga, kesho usije kazini, na ile siku ya kukuaga usiihesabu."

Khalfani na mama yake walikuwa wakinisikia. Sikuondoka chumbani, sikushusha sauti. Nilimwambia bosi kwamba nimefanya kazi hii tangu yeye anabebwa mgongoni, sijawahi kufunga kitu cha kumnyang'anya mtu, na sitaanza leo kwa ajili ya kunywa soda siku ya kuaga. Awape wengine soda yangu. Nikakata. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na raha, vyote pamoja, na sijui kama mtanielewa kabla hamjafika umri wangu.

Kwa hiyo mliosikia kwamba Mama Asha alifukuzwa, mmesikia vibaya. Na mliosikia kwamba nilistaafu kwa amani, mmesikia vibaya zaidi.

Nilichomoa boksi, nikalirudisha katonini, nikakunja waya wake vizuri, maana kosa si lake. Nikaunganisha lekteri na ampli moja kwa moja kama zamani. Nikamfundisha Bi Zuwena mahali papya pa rafu, mkono wake juu ya mkono wangu: hapa mlango wa diski, hapa kuanza, hapa kuruka mbele, hapa kirungu cha sauti. Alipapasa yote peke yake, akapapasa tena.

"Sasa tokeni," akasema.

"Mama, tusikilize pamoja," Khalfani akasema.

"Tokeni. Wewe na Mwajuma. Na mlango mfunge."

Tukatoka. Tulisimama kwenye ujia, Khalfani amekumbatia katoni kifuani, mimi na begi langu. Punde ndani taarabu ikaanza. Ikaimba kidogo, ikakatika. Khalfani akanitazama.

"Imeharibika tena?"

"Ngoja."

Ikaanza nyingine. Nayo ikaimba kidogo, ikakatika. Tukasikia mlango wa diski ukifunguka, ukifungwa, na kasida ikaanza, na hiyo pia haikufika mbali.

"Mama Asha, hii haiko sawa. Angalia vile inakata."

"Haikati, mwanangu," nikamwambia. "Anachagua."

Khalfani akaegemea ukuta, akaweka katoni chini. Ndani diski nyingine iliingia, na hii haikukatwa. Ilikuwa taarabu ya zamani, ya polepole, na Khalfani akaanza kutingisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ilikuwa ya baba. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akagonga mlango taratibu.

"Mama? Tunaweza kuingia sasa?"

Tukasikia miguu yake ikiburuta zulia. Tulidhani anakuja kufungua. Miguu ikasimama penye rafu, na Bi Zuwena akaongeza sauti.